Je, Tunalipa Ada ya Kuchezea?

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na habari za mtoto anayeachishwa ziwa, lakini tumeona tuziweke kando kwanza. Sababu ni mkutano wa wazazi wa shule ya chekechea ya kanisa letu, hapa hapa Kariakoo, ambao ulitukosesha usingizi siku kadhaa.

Mkutano ulikuwa na mambo mawili. La kwanza lilitoka kwa baba mmoja, mfanyabiashara wa nguo, mtu mwungwana na mtoaji mzuri wa sadaka. Alisimama akasema kwamba mwanawe ametimiza miaka minne na hadi leo hajui kuandika jina lake, wakati mtoto wa jirani anayesoma shule nyingine anarudi nyumbani na daftari lililojaa tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. "Nikimuuliza mwanangu leo mmefanya nini, ananijibu tumecheza. Kesho namuuliza tena, tumecheza. Sasa ndugu zangu, mimi nalipa ada ya kuchezea?" Watu walicheka, lakini wengi walipiga makofi, na si akina baba peke yao.

Jambo la pili lililetwa na wazee wa kanisa. Amejitokeza mtu anayetaka kukodi uwanja wa nyuma, ule wanaochezea watoto, aufanye stoo ya marobota. Kodi aliyoitaja kwa mwezi mmoja inazidi ada ya watoto wote kwa muhula mzima. Na paa la kanisa linavuja, hilo hakuna asiyelijua. Mvua za masika zilizopita wanakwaya waliimba wameshika ndoo.

Wasomaji wetu mtaona kwamba mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja. Ikiwa mchezo ni uvivu wa watoto, basi uwanja wa kuchezea ni ardhi iliyolala bure katikati ya Kariakoo, mahali ambapo hata ngazi ya duka hukodishwa. Ikiwa mchezo ndiyo shule yenyewe, basi kukodisha uwanja ni kukodisha darasa.

Sisi tulio wauguzi kwa kazi, na Jumapili tunashika watoto wa kanisa, tuliombwa tuseme neno. Hatukuanza na Biblia. Tulianza na mkono.

Tulimwomba yule baba anyooshe mkono wake juu ya meza, na mwanawe aweke wa kwake pembeni. Katika kifundo cha mkono wa mtu mzima mna mifupa midogo 8, imepangana kama kokoto. Mtoto anapozaliwa hiyo bado si mifupa, ni gegedu, kitu laini kama ukingo wa sikio. Hukomaa mmoja baada ya mwingine kadiri miaka inavyokwenda, na ule wa mwisho hauonekani katika picha ya eksirei mpaka mtoto afikie miaka 9 hivi au zaidi. Mtoto wa miaka minne anayekalishwa nusu saa nzima akijaza herufi "a" ukurasa mzima, anafanya kazi kwa kifundo ambacho fundi wake hajamaliza kukijenga. Hatukusema kitavunjika. Tulisema atachoka, atashika penseli kwa ngumi, na mwisho ataichukia kalamu kabla hajajua faida yake. Mkono huo huo mpe udongo aufinyange, mpe vizibo vya soda avipange, mpe kamba afunge na kufungua, mwache acheze mdako. Mdako ni mazoezi ya vidole na ni hesabu pia: anayerusha kete juu na kuzoa kokoto shimoni moja moja, kisha mbili mbili, kisha tatu tatu, tayari yuko katika somo la kugawanya, na hakuna aliyemchapa.

Halafu tulimweleza yule baba mwanawe alikuwa akifanya nini siku moja kabla ya mkutano, wakati "wamecheza".

Walikuwa wakicheza bandari. Maboksi matupu tuliyopewa na wenye maduka ya Mtaa wa Kongo yalikuwa ndiyo makasha. Mtoto mmoja mrefu alikuwa winchi. Alisimama juu ya benchi akishusha maboksi kwa kipande cha kamba na kutoa mlio ambao ulitufanya tuzibe masikio. Wawili walikuwa wachukuzi wenye mkokoteni, ambao ulikuwa kiti kilichopinduliwa. Kijana wake alikuwa mtu wa forodha. Alikaa mlangoni, hakuna boksi linalopita bila yeye kuhesabu, na aliyemletea boksi la tano akidai ni la nne alirudishwa. Binti mmoja alipofika na mzigo wake alimwambia kwa sauti ya mtu mzima, "Risiti iko wapi?" Binti akasema hana. "Basi subiri nikuandikie." Akachana kipande cha boksi la biskuti, akachukua kalamu ya rangi, akaandika. Si herufi, ni mistari ya kupinda pinda, lakini ilianzia kushoto ikaenda kulia, ikashuka mstari wa pili, na mwisho akaweka alama aliyoiita sahihi. Tulikuwa tumekihifadhi kile kipande. Tulimpa baba yake pale pale mkutanoni. Alikitazama sana, kisha akakitia mfuko wa shati, na hakusema tena habari za daftari la jirani, ingawa hatudhani kwamba tulimshinda. Mtu ambaye mizigo yake hupita bandarini aliijua ile kazi.

Msomaji, hebu fikiri. Mtoto yule amejua kwamba maandishi yana kazi duniani, kwamba maneno yaliyoandikwa yanaweza kufungua mlango uliofungwa. Akifika darasa la kwanza, mwalimu atakuwa na kazi ndogo tu ya kumpa herufi. Yule mwingine aliyejaza daftari anazo herufi, lakini huenda hajui ni za nini. Na jina la Kariakoo lenyewe, kama wazee wetu wanavyotusimulia, limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo watoto wetu wakicheza wachukuzi, wanacheza historia ya mtaa wao bila kufundishwa.

Wazo la kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza si la jana, wala halikuletwa na watu wasiomjua Mungu, kama mzee mmoja alivyonong'ona mkutanoni. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule ya kwanza ya namna hii mwaka 1837 katika mji mdogo wa Blankenburg, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki yeye akiwa na miezi 9 tu, naye akakua mpweke, akizungumza na miti ya bustani ya baba yake. Pengine ndiyo sababu mwaka 1840 aliipa shule yake jina ambalo kwa Kijerumani maana yake ni bustani ya watoto. Alitoa mipira ya nyuzi za rangi, vigae vya mbao vya kujengea, nyimbo za kucheza kwa vidole na vijibustani ambavyo kila mtoto alipanda mbegu zake. Na alipata taabu. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake kwa madai kwamba zinaeneza ukanaji Mungu. Yeye alifariki mwaka uliofuata, na marufuku haikuondolewa hadi 1860. Mtu aliyeamini kwamba mtoto anapojenga kwa vigae anaanza kuuona utaratibu wa Muumba, alizikwa akiitwa mpinga Mungu. Sisi watu wa kanisa tuwe waangalifu na minong'ono.

Wa pili ni Maria Montessori, Mkatoliki na daktari wa Kiitalia. Habari zake zinatuhusu zaidi sisi wa mjini. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko San Lorenzo, mtaa wa maskini katika jiji la Roma. Ilikuwa ndani ya jengo la wapangaji. Wazazi walikwenda kazini kutwa, watoto wakabaki wakipanda na kushuka ngazi, wakichora kuta na kuvunja vitu, na wenye majengo wakatafuta mtu wa kuwashika ili mali yao isiharibike. Ni nani kati yetu anayeishi ghorofani Kariakoo asiyezijua ngazi hizo! Daktari yule aliwapa watoto meza na viti vya kimo chao, ufagio mdogo, maji ya kumimina, vifungo vya kufunga, na vitu vya kupanga kwa ukubwa na rangi. Aliona mtoto akirudia jambo moja mara nyingi bila kuchoka, kwa kuwa amelichagua mwenyewe. Yeye hakupenda kuliita mchezo. Aliliita kazi, na michezo ya kujifanya, kama ile ya bandari, hakuithamini sana. Hapo sisi hatukubaliani naye. Lakini tumefaidika naye sana, na walimu wengi wa chekechea wa jiji hili walijifunza njia yake kwa masista pale Msimbazi. Mkimwona mtoto mdogo akikunja kitambaa pembe kwa pembe, ulimi umetoka nje kwa makini, mjue daktari yule alipita.

Sasa turudi katika kazi yetu ya hospitali, maana akina mama wengi hutuambia, "Dada, hayo ya wanafalsafa tumeyasikia, sisi shida yetu ni chakula." Ni kweli, na hatutaki kuwabishia. Katika utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa Tanzania walionekana wamedumaa. Lakini sikilizeni habari hii kutoka Jamaika. Mwaka 1986, katika jiji la Kingston, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia maskini. Baadhi walipewa maziwa ya nyongeza. Baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki, saa moja, na mhudumu wa afya wa mtaa, si msomi mkubwa, aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe kwa vitu vya kuokota na kutengeneza nyumbani. Baadhi walipata vyote viwili, na wengine hawakupata. Ziara hizo ziliendelea miaka miwili, kisha zikakoma.

Miaka 20 hivi baadaye wale watoto walitafutwa, wakiwa sasa watu wazima wenye kazi. Waliochezewa walikuwa wakipata mshahara ulio juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, wakawa wamewafikia wale ambao hawakudumaa kabisa. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya kudumu namna hiyo. Sisi tuliosoma miaka ile ya kupima uzito na kuchora mstari kwenye kadi, habari hii ilitushtua. Ni mara ngapi tumempima mtoto, tukaona mstari umelala, tukamwandikia mama uji wa lishe na kumwita anayefuata! Hatukumuuliza hata siku moja, "Mama, unacheza naye?" Siku hizi tunauliza. Wengi huona haya kujibu.

Sababu yake si ngumu. Kufikia miaka miwili, ubongo wa mtoto umekwisha kupita robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Chakula huleta matofali, lakini fundi ni yale mazungumzo na michezo: mama anaficha uso kwa kanga na kuufunua, mtoto anacheka, mama anangoja, mtoto anavuta kanga mwenyewe. Kila mara kinapotokea kitu hicho, njia ndani ya ubongo inakanyagwa kama kijia cha shambani, na kijia kisichokanyagwa huota majani.

Basi mahali pa kuchezea pako wapi? Sisi tuliokulia mitaa hii tunaikumbuka nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Uani ndiko kulikokuwa na michezo. Tulicheza kombolela hadi Magharibi, tukacheza ukuti, tukapika ubwabwa wa mchanga kwa vifuu, na wavulana walicheza chandimu kwa mpira wa matambara mbele ya baraza, wakivunja chungu cha mtu na kukimbia. Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimekwenda moja moja, na mahali pake pamesimama maghorofa: chini duka, juu stoo, juu zaidi watu. Mtoto wa ghorofa ya tano anaamka, anatazama ukuta wa ghorofa nyingine, anashuka kwenda shule, anarudi dukani kwa mama yake, analala juu ya marobota. Wapo ambao jua huwapata Jumapili tu, wakija kanisani, na muuguzi yeyote atakuambia kwamba ngozi isiyoona jua haitengenezi vitamini D, na mifupa ikiikosa hiyo huja matege.

Viwanja tulivyobakiwa navyo ni vichache. Kipo cha Mnazi Mmoja, ambacho nacho kina kisa chake: wakoloni walipougawa mji kwa rangi za watu, waliacha ukanda mtupu kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika ili watu wasichanganyike. Watoto wakaugeuza wa kwao, wakachanganyika humo humo. Kipo pia kile cha michezo cha vijana pale Kidongo Chekundu. Lakini mtoto wa miaka minne hawezi kuvuka Mtaa wa Uhuru au Lumumba peke yake, kati ya bodaboda, bajaji na mikokoteni. Kiwanja chake ni kile kilicho ndani ya ukuta wa shule yake. Kikiwa stoo, hana kingine.

Hapa inatupasa kuungama jambo.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, ghorofa moja lilianguka hapa Kariakoo, watu wakiwa ndani katika biashara zao. Mnaijua habari hiyo, na wengine mlifiwa. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa, mchana na usiku, na mtaa mzima ulisimama kusikiliza. Shule yetu ilipofunguliwa tena, watoto walikuja kimya. Siku ya tatu hivi tulitoka uwanjani tukakuta wanacheza. Wamemlaza mwenzao chini, wamempangia maboksi juu, wengine wanachimba kwa mikono. Mmoja ameshika kiberiti sikioni kama simu, anauliza, "Unanisikia? Bado unapumua?" Na yule wa chini anajibu, "Napumua."

Tuliwafokea. Tuliwaambia wanachezea msiba, kwamba ni dhambi kucheka watu waliokufa, na tukayaondoa maboksi tukayafungia chumbani. Watoto wakarudi kwenye ukuta wakakaa.

Kati yao alikuwemo binti ambaye tangu siku ile ya ajali hakuwa amesema neno shuleni. Ndugu yake wa karibu alikuwa na biashara jirani na jengo lile. Siku hiyo tulipoyaondoa maboksi, yeye ndiye aliyetufuata hadi mlangoni, akatushika sketi, akasema, "Bado hatujamtoa." Tulishindwa kumjibu. Tulifungua chumba, tukarudisha maboksi, tukakaa pembeni. Walimchimba mwenzao hadi akatoka, wakampa maji, wakamfuta vumbi. Kisha wakaanza upya, na safari hii yeye aliomba kulala chini. Walifanya hivyo siku nane au tisa. Kisha siku moja yale maboksi yakawa makasha ya bandari.

Usiku ule tulisoma tena Injili ya Mathayo sura ya 11, pale Bwana Yesu anapokifananisha kizazi chake na watoto waliokaa sokoni wakiitana. Tumeisikia mara nyingi ikihubiriwa, lakini hatukuwahi kuona kile alichokiona Yeye: watoto wale walikuwa wakicheza arusi, na walikuwa wakicheza msiba. Sokoni. Bwana alikuwa amesimama mahali akawatazama, naye hakuwafokea. Tena nabii Zekaria, katika sura ya 8, anapoeleza Yerusalemu iliyoponywa, haanzi na dhahabu. Anaeleza wazee wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza.

Kwa upande wa uuguzi tuongeze neno. Mtoto aliyeona jambo la kutisha huliigiza kwa sababu hana maneno ya kulieleza, na katika mchezo yeye ndiye mwenye amri: anaweza kumtoa aliyefukiwa. Mwacheni, kaeni karibu, msimwongoze. Lakini mtoto akiendelea zaidi ya mwezi, mchezo haubadiliki na haumtulizi, au akaanza tena kukojoa kitandani, kushtuka usiku, kukataa chakula, basi mpelekeni hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii. Maombi na hospitali havigombani.

Mkutanoni tuligusia sheria pia, kwa ufupi, kwa vile wazee wetu hupenda kusikia mambo ya serikali. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao ibara yake ya 31 inataja kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeiweka haki ya mtoto kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, matibabu na elimu. Elimu ya awali iliingizwa katika mfumo rasmi na Sera ya Elimu ya mwaka 1995. Ile ya 2014 ikafanya mwaka mmoja wake uwe wa lazima, na tangu 2016 darasa la awali katika shule za serikali halina ada. Mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania unamtaka mwalimu afundishe kwa michezo, na kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mwalimu akipewa watoto mara mbili ya hao katika chumba kimoja, atafanya nini zaidi ya kuwaimbisha "a, e, i, o, u" kwa fimbo? Hatumlaumu. Tunayemlaumu kidogo ni mzazi mwenye uwezo, anayetoa fedha nyingi ili mwanawe apate fimbo hiyo hiyo kwa Kiingereza.

Wala hatumlaumu mama mwenye meza ya biashara anayempa mtoto simu ili ahudumie wateja. Tunajua mteja hangoji. Ila Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na kwamba watoto wa mwaka mmoja hadi minne wapate angalau dakika 180 za kujongea kila siku. Mama, hapo mezani unavyo vitu vizuri kuliko simu. Mpe vifungo vikubwa avitenge kwa rangi. Mpe vitambaa vya kukunja. Mwambie akuhesabie mifuko. Usimpe shanga ndogo wala maharage kama hajafika miaka mitatu, maana tumeyatoa mno puani. Na betri ndogo za duara, zile za saa na za vitu vya kuchezea vya bei poa, mfiche kama sumu. Akiimeza moja, kimbia hospitali saa ile ile, usingoje itoke yenyewe, kwa sababu inaunguza koo ndani ya saa chache.

Mtauliza wazee waliamua nini. Waliahirisha mara mbili. Mara ya tatu waliamua kwamba nusu ya uwanja ikodishwe na nusu ibaki kwa watoto, na sehemu ya kodi inunulie mabati. Sisi tulitaka uwanja wote, na tumewaambia hivyo kwa heshima. Ukuta wa mabati umesimama sasa katikati, na marobota yako upande wa pili. Watoto wamekwisha kupata tundu. Huchungulia wachukuzi wakiingia, huhesabu marobota kwa sauti, na wakati mwingine wachukuzi huwajibu. Yule baba mwenye nguo ndiye aliyetuletea mchanga, gari moja dogo, bila kuombwa. Mwanawe bado hajui kuandika jina lake lote. Ameweza herufi mbili za mwanzo, na anaziweka kwenye kila risiti.

Tunahitaji maboksi mapya, makopo ya maziwa yasiyo na ncha kali, vifuu vilivyosuguliwa, na kanga zilizochakaa. Vileteni Jumapili baada ya ibada ya kwanza, mlango wa nyuma. Makopo ya rangi na ya dawa za wadudu tafadhali bakini nayo.